Mlima Unaotunywesha

Kazi yangu ni ya simu. Natoa mizigo ya watu bandarini Dar es Salaam, na mtu ambaye kontena lake limekwama hana saa ya kupiga wala saa ya kunyamaza. Anapiga alfajiri sijatoka kitandani, anapiga nikiwa kwenye foleni ya Buguruni, anapiga usiku wa manane kutoka Guangzhou ambako kumeshakucha. Simlaumu. Fedha yake imekaa juani na gharama za kuhifadhi mzigo zinapanda kila siku. Lakini miaka ilivyokwenda nikaanza kuamka saa nane za usiku bila simu kuita, moyo unakwenda mbio, namba za makontena zinajipanga kichwani. Mke wangu akiniuliza nina nini, sikuwa na la kumjibu. Deni sikuwa nalo, ugomvi sikuwa nao. Kulikuwa na kelele tu, zimeingia ndani na kukataa kutoka.

Daktari aliponipima presha alikaa kimya kidogo, akapima tena mkono wa pili. Akaandika dawa, kisha akasema, "Na utembee. Nusu saa kwa miguu, kila siku." Dawa nilianza kumeza jioni ile ile. Kutembea ndiko kulikokuwa na kazi.

Anayeijua Tabata atanielewa. Pembeni mwa barabara kuna mtaro, pembeni mwa mtaro kuna meza ya chipsi, na katikati ya mtaro na meza bodaboda imepata njia yake. Ukiacha hayo, kuna macho ya watu. Mwanamume mzima akionekana jioni anatembea, hana mfuko mkononi wala haelekei msikitini, jirani wanaingiwa na huruma. "Shemeji, gari limeharibika?" "Mzee, kwema? Kuna msiba?" Sikuchukia, kwa sababu nilijua swali linatoka wapi. Mama zetu walitembea kwenda kuteka maji, kutafuta kuni, kupeleka mtoto kliniki. Kutembea kulikuwa kazi, tena kazi ya asiye na nauli. Aliyepata nauli alimshukuru Mungu na kupanda basi. Mtu wa mjini akiambiwa leo atembee ili apone, anahisi anarudishwa kule mzazi wake alikojitahidi kumtoa. Nadhani wengi wetu tunashindwa hapo, kabla hata ya kufunga kamba za viatu.

Nilianza na Pugu, Jumapili asubuhi, kwa kuwa ni karibu na hakuna jirani wa kuniuliza. Wakazi wengi wa Dar es Salaam tunaijua Pugu kwa mnada wa ng'ombe, na kwa shule aliyofundisha Mwalimu Nyerere mpaka mwaka 1955 alipoacha ualimu akashika kazi ya TANU. Nyuma ya hayo kuna vilima, na juu ya vilima yamebaki mabaki ya msitu wa zamani wa pwani, unaoendelea upande wa Kisarawe mpaka Kazimzumbwi. Ukipita miti michache tu, joto la mjini linakuachia. Msitu una sauti nyingi kweli: ndege, majani, tawi linalovunjika usijue limevunjwa na nani. Ila hakuna sauti hata moja inayokuita kwa jina, na hakuna inayosubiri jibu. Kwa mtu wa kazi kama yangu, huo ni utajiri. Nilitembea mpaka jua likapanda, nikarudi nyumbani, nikala, na usiku ule nikalala mpaka adhana ya alfajiri.

Niliona pia visiki. Msitu ule umekatwa sana kwa ajili ya mkaa, na mkaa huo umepikia sufuria za Dar es Salaam, sufuria za kwetu. Jambo hilo lilinikaa. Nitalirudia.

Mlima nilioupata baadaye ni Uluguru. Hapo zamani kwenda Morogoro kwa barabara, kwa foleni ya Kimara na Kibaha na malori ya Chalinze, kulikula siku nzima ukihesabu na kurudi. Treni ya umeme ilipoanza safari zake za Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, kwa nauli iliyoanzia shilingi 13,000, mlima ukawa jirani. Unapanda asubuhi, unashuka Kihonda, unachukua bajaji mpaka mjini, na kabla chai ya saa nne haijapita unatazama juu na kuuona umesimama. Mji wa Morogoro umekaa chini ya Uluguru kama kifaranga chini ya tetea. Kilele cha Lupanga, chenye mita 2,138, kiko hapo hapo juu ya mapaa ya watu, na mara nyingi kimefunikwa na wingu hata kama chini jua linachoma.

Njia tunayoipenda ni ile ya kwenda Morningside, kwenye nyumba ya zamani iliyojengwa enzi za Wajerumani. Barabara ni ya vumbi, inapinda na kupinda tena, na Mto Morogoro unasikika bondeni hata usipoonekana. Nyumba zinapungua, migomba inaongezeka, kisha mashamba yanaanza kusimama wima kwenye miteremko ambayo mimi mikono mitupu nisingeipanda bila kushika kitu.

Kwenye njia hiyo unapishana na wanawake wanaoshuka sokoni. Hili ningependa kila mtu wa mjini alione kwa karibu. Mama ana tenga kichwani: karoti zilizooshwa mtoni mpaka zinang'aa, kabichi, hoho, na juu yake stroberi zimefunikwa kwa majani zisipigwe na jua. Shingo haisogei. Macho yako mbele, hayatazami chini hata mara moja. Mguu ndio unaotazama. Kidole gumba kinatangulia, kinagusa jiwe, kinaliuliza kama limekaa imara, na likijibu vibaya mguu unahamia jiwe jingine kabla uzito haujafika. Mwili wa juu hauna habari. Nimefanya kazi na mashine za kupakia meli kwa miaka mingi na sijaona mzigo unaoshushwa kwa uangalifu wa namna hiyo.

Mara ya kwanza tulipopanda, mimi na mke wangu, tulimkuta bibi mmoja amekaa kwenye jiwe, tenga lake pembeni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu. Mnakwenda kwa nani huko juu?"

"Hatuendi kwa mtu, bibi. Tunatembea tu."

Akatutazama viatu, akatutazama nyuso zilizolowa jasho. "Mmetoka Dar?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi kaeni kwanza. Huku hapapandwi kwa pupa."

Tukakaa. Akatufundisha kupanda, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto kushika kijiko. Hatua iwe fupi. Mdomo ufungwe, pua ifanye kazi. Ukiona huwezi kuzungumza na mwenzako, umekwenda mbio, punguza. Ukichoka usikae mpaka ukapoa, simama tu ushushe pumzi kisha uendelee. Kisha akaomba tumsaidie kuinua tenga. Mimi na mke wangu tuliliinua pamoja na bado lilitushinda nguvu kidogo. Akainama mara moja, likakaa kichwani, akaondoka.

Somo lile la mwendo ndilo lililonitibu, na nalisema nikiwa na hakika. Kelele za kichwani zina kasi yake, na kasi hiyo ni ya gari, ya simu, ya mtu anayekatiza foleni. Unapopanda kwa hatua fupi, pumzi ikiwa ndiyo kipimo, mawazo hayapati pa kukimbilia. Saa ya kwanza bado nilikuwa nabishana moyoni na mteja fulani. Saa ya pili nilikuwa nahesabu pumzi. Baada ya hapo nilikuwa natazama mkono wangu ulioshika mti uliofunikwa kuvumwani, na sikuwa na hamu ya kitu kingine.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa namna zao. Mwaka 1984 Roger Ulrich, mtafiti wa Marekani, alichapisha matokeo ya kulinganisha kumbukumbu za wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kifuko cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Waliolala kwenye vyumba ambavyo dirisha lilitazama miti walitoka mapema kidogo na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Wajapani wana desturi ya kwenda msituni taratibu kwa ajili ya afya, na mamlaka yao ya misitu imekuwa ikiihimiza rasmi tangu mwaka 1982. Utafiti mwingine, wa mwaka 2019, uliotumia majibu ya watu karibu 20,000 wa Uingereza, ulikuta kwamba waliopata angalau dakika 120 kwa wiki kwenye maeneo ya asili walielekea kusema wana afya njema na wameridhika na maisha. Hao wa Uingereza walinifurahisha kwa jambo moja: haikujalisha kama dakika hizo umezipata kwa mkupuo au kidogo kidogo. Kwa hiyo hata asiye na nauli ya Morogoro anaweza kuanza na mwarobaini ulio karibu na nyumbani kwake, ufukweni alfajiri kabla watu hawajajaa, au njia ya shambani kwa shangazi huko Mkuranga.

Nisieleweke vibaya. Mlima haukunifutia dawa. Vidonge vya presha nameza mpaka leo na kliniki naenda, na yeyote anayemwambia mgonjwa aache dawa apande mlima anamdhuru. Nilichopata ni usingizi, na uwezo wa kusikia simu inaita nikaiacha iite mpaka nimalize kula.

Marafiki wananiuliza kwa nini sibadilishi mlima. Wananitajia Amani, Udzungwa, maporomoko ya Materuni. Lushoto naipenda kwa moyo wote. Barabara ile inayopanda kutoka Mombo kupita Soni, na kule Irente unaposimama ukingoni ukaona nyika yote imelala chini, nani asiyeipenda? Hata hivyo ushauri wangu kwa mtu anayetafuta utulivu ni achague mahali pamoja, tena pa karibu, aparudie. Safari ya kwanza unakwenda na kamera. Unaporudi tena na tena ndipo unapoanza kuona. Nilikuja kujua kwamba maharage ya Uluguru yanatoa ua dogo jeupe au la zambarau ambalo ukipita haraka hulioni. Nilikuja kujua saa ambayo wingu hushuka, na jiwe gani linateleza hata wakati wa kiangazi. Kijana anayetuongoza alinionyesha ndege mdogo wa jamii ya chozi ambaye dunia nzima hapatikani ila kwenye milima hii. Nilikuwa nimempita mara nyingi. Mahali papya kila mara panakupa msisimko, na msisimko ni mzuri, ila msisimko nimeshapata wa kutosha bandarini.

Kurudi pale pale kulinifunza jambo jingine: mlima una wenyewe. Sisi tunaotoka mjini tuna tabia ya kuitazama mandhari kana kwamba imetandikwa kwa ajili yetu. Matuta ya kwenye mashamba yale yana historia. Mwaka 1955 Waluguru waligoma kulazimishwa na serikali ya kikoloni kuchimba matuta kwa mpango ambao hawakuulizwa, ugomvi ukawa mkubwa mpaka damu ikamwagika, na mwishowe mpango ukaachwa. Waliokuwa wakilima pale walikuwa na akili zao kuhusu ardhi yao. Nikipita shamba la mtu siku hizi nasalimia kwanza. Na nikinunua stroberi njiani sipunguzi bei, kwa sababu nimeiona njia zilikopitia.

Mama yetu alipofariki, baada ya arobaini nilimwambia mdogo wangu twende Morogoro. Yeye ni mtu wa maneno machache, na tangu mazishini alikuwa hajalia wala hajasema lolote la maana. Watu walimkalisha sebuleni, wakamzunguka, wakamwambia ajikaze. Mtu anayetazamwa na watu kumi atasema nini? Njiani alitangulia, mimi nikafuata nyuma yake. Tulipanda muda mrefu bila neno. Kisha, bila kugeuka, akaanza kuzungumza juu ya usiku wa mwisho hospitalini, alipokuwa peke yake na mama. Alizungumza akiwa anatembea, mimi nikiona mgongo wake tu. Aliposimama, nilisimama. Alipoendelea, niliendelea. Sikumwambia ajikaze. Alimaliza yote kabla hatujafika juu, akakaa kwenye nyasi akalia, na mimi nikalia.

Tangu siku ile naamini kuna mazungumzo ambayo wanaume wa kwetu hatuwezi kuyafanya tukiwa tumetazamana. Tunahitaji njia mbele yetu na kazi ya miguu. Zamani tulikuwa nayo bila kuitafuta: watu walikwenda shamba pamoja, walichunga pamoja, walirudi na jua limezama wakiwa wameshaambiana yote. Mjini tumepata viti vingi, na ukikaa kwenye kiti na mwenzako kuna televisheni katikati. Ninyi wenye mtoto wa kiume anayefika umri wa kunyamaza, au baba aliyestaafu ambaye siku hizi hajibu, msimkalishe kumhoji. Tembeeni naye.

Nilisema nitarudi kwenye visiki vya Pugu, na maana yake niliielewa nikiwa Uluguru. Chini ya njia yetu kuna mahali mto unapita kwenye mawe makubwa, na hapo huwa tunavua viatu wakati wa kushuka. Maji ni ya baridi kiasi kwamba vifundo vya miguu vinauma. Siku moja nilimuuliza yule kijana anayetuongoza maji haya yanaishia wapi. Akanieleza kwa kidole: yanapita mjini, yanaingia Ngerengere, na Ngerengere inaingia Ruvu. Nikanyamaza. Ruvu ndiyo inayotunywesha Dar es Salaam. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ndiyo inayoleta maji mpaka bomba la uani kwangu Tabata. Nilikumbuka mwaka 2022, Oktoba, mvua zilipochelewa na kina cha Ruvu kikashuka, mgawo wa maji ukatangazwa, na mtaani kwetu watu walipanga madumu usiku kucha. Tulilalamikia bomba. Sikumbuki hata mmoja wetu aliyetaja mlima.

Msitu wa juu, ambao mwaka 2008 ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, hufanya kazi ambayo hakuna tanki linaloiweza. Unapokea mvua na wingu, unashika maji yake kwenye majani, kuvumwani na udongo wake laini, kisha unayaachia taratibu hata miezi ambayo haina mvua. Miti ikiondoka, mvua ile ile inashuka mara moja na udongo, mto unafurika kwa siku chache, halafu unakauka. Mkulima wa kule akifungua shamba jipya juu zaidi kwa sababu la chini limechoka, tatizo si lake peke yake. Sisi tunaokunywa tuna sehemu yetu, na mpaka sasa hatuilipi vya kutosha.

Kwa hiyo siwezi kuzungumzia utulivu kana kwamba ni bidhaa tunayokwenda kuchukua na kuondoka nayo. Nimeona vikundi vinavyopanda pale na spika kubwa begani, muziki unasikika kutoka bonde la pili. Nimeona chupa za plastiki zimesukumwa katikati ya mawe ya mto, karibu kabisa na mahali ambapo mama anaosha karoti. Hao wametoka mji ule ule niliotoka mimi, na wamechoka kama nilivyochoka. Wanayo haki ya kupumzika. Haki ya kumpigia kelele anayelima, au kumchafulia maji, hawana. Kama huwezi kukaa bila muziki, vaa visikilizio vyako, nawe utakuwa umejinyima wimbo wa ndege, lakini hutakuwa umewanyima wengine.

Ombi langu ni dogo. Chagua siku moja katika mwezi huu. Ukiwa Dar es Salaam, anza na Pugu, au panda treni ya asubuhi uende Morogoro. Ukiwa kwingine, kilima kilicho karibu nawe unakijua. Nenda na mtu mmoja au wawili, si zaidi. Pitia ofisi ya hifadhi ulipie kibali, chukua kijana wa pale akuongoze na umlipe vizuri, nunua chakula kwa wanakijiji badala ya kubeba kila kitu kutoka mjini. Simu izime, si kuiweka kimya tu. Chupa uliyopanda nayo ushuke nayo. Na ukimkuta mama anashuka na tenga kichwani, simama kando umpishe njia: wewe umekuja kupumzika, yeye yuko kazini.